Jina la Ua na Haki Yake ya Kuishi

Kutaja jina la kitu ni mwanzo wa kukijua. Mtoto huanza elimu yake kwa kuuliza, "Hiki ni nini?" na jibu la swali hilo ni jina. Mkulima asiyetofautisha mche na gugu hawezi kupalilia shamba lake, na mganga asiyetofautisha mzizi wa dawa na mzizi wa sumu ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kazi ya kuvipanga viumbe katika makundi, na kulipa kila kundi jina lake, ni kazi ya heshima, na walioifanya kwa uaminifu wanastahili shukrani. Walakini kila chombo kina kazi yake. Mizani hupima uzito, haipimi utamu. Pishi hupima nafaka, haipimi njaa ya mlaji. Katika insha hii tutauliza kama jina, ambalo ni chombo cha kujulia, laweza pia kuwa chombo cha kuhukumia. Yaani, kama daraja ambayo wataalamu wamekipa kiumbe yatosha kutuambia kwamba kiumbe hicho kiokolewe au kiachwe kipotee.

Swali la namna hii likiachwa hewani hupeperuka. Ili lipate mahali pa kukaa, na tulifunge kwa mimea miwili midogo ya nchi ya Kenya, ambayo yote miwili imo katika hatari ya kutoweka. Mmoja humea katika milima ya Taita, ndani ya msitu wa Mbololo, na duniani kote haujulikani kumea mwituni mahali pengine. Mwingine humea nyuma ya pwani, katika nchi ya Kilifi, kwenye nyufa za majabali ya chokaa ya upande wa Kaloleni. Wa kwanza ni mkazi wa ukungu na baridi ya mlimani. Wa pili ni mkazi wa nchi ya chini yenye joto, ambako unyevu hujificha katika ufa wa jiwe na chini ya kivuli cha miti iliyosalia. Yote miwili ni mimea mifupi. Majani ya kila mmoja hutoka kwa duara katika shina dogo, na juu yake husimama maua ya rangi ya urujuani, yenye vichwa viwili vya manjano katikati. Mtu asiyeizoea, akionyeshwa yote miwili pamoja, angesema kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Naye hangekuwa mbali na kweli.

Mimea hii ni ya jamaa ya ua lile ambalo Wazungu huliita urujuani wa Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, aliliona ua hilo, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akamwonyesha Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza lilikuwa la heshima kwa jamaa ya Saint Paul. La pili lina maana ya maua yafananayo na urujuani. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1884, John Kirk alikwisha kupeleka Uingereza mfano uliokaushwa wa mmea wa jamaa hii, na mwaka 1887 W. E. Taylor, mmisionari yule yule aliyekusanya methali za Kiswahili, alipeleka mwingine. Mifano hiyo haikutosha kwa kazi ya kutoa jina, ikawekwa kabatini. Hapa tunapata somo letu la kwanza. Ua halikuzaliwa mwaka 1893. Lilikuwa likichanua karne nyingi kabla ya kalamu ya Wendland, wala halikupungukiwa na kitu kwa kutokuwa na jina la Kilatini. Aliyepungukiwa ni mtu, ambaye hakuwa na neno la kulitaja.

Wataalamu huvipanga viumbe kama watu wapangavyo nasaba. Ukoo wao huuitwa jenasi. Ndani ya jenasi mna spishi. Na ndani ya spishi moja huweza kuwamo matawi yanayotofautiana kidogo, ambayo huitwa nususpishi. Mimea yetu miwili ilipata majina yake kwa mkono wa mtaalamu mmoja, B. L. Burtt, aliyefanya kazi katika bustani ya mimea ya Edinburgh. Mwaka 1958 aliutambulisha mmea wa Taita kwa jina la Saintpaulia teitensis, yaani wa Teita. Na mwaka 1964 akautambulisha ule wa Kilifi kwa jina la Saintpaulia rupicola, yaani mkaa miambani. Siku hizo spishi za Saintpaulia zilihesabiwa kuwa kama 20, na alama kubwa iliyotumiwa kuzitenga ilikuwa vinyweleo vya majani: ni virefu au ni vifupi, vimesimama au vimelala. Mbele ya hesabu hiyo mimea yetu ilikuwa sawa. Kila mmoja ulikuwa spishi kamili, mwenye nyumba yake katika kijiji cha ukoo.

Kisha elimu ikaendelea, kama ipasavyo. Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk, baada ya kuchunguza chembechembe za urithi za mimea hiyo, walionyesha kwamba Saintpaulia si ukoo wa peke yake, bali ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo mkubwa zaidi uitwao Streptocarpus. Mwaka 2006 Iain Darbyshire, akiandika juu ya mimea ya Afrika Mashariki, alizipitia upya spishi zote za Saintpaulia. Aliona kwamba nyingi zilikuwa zimetengwa kwa tofauti ndogo mno, akazipunguza hata zikabaki 6. Ule mmea wa Taita ukabaki spishi kamili. Ule wa Kilifi ukashushwa, ukawa nususpishi tu ya Saintpaulia ionantha, pamoja na wenzake wengi wa Tanzania. Hatimaye, mwaka 2015, wataalamu wakatoa mpango mpya ambao ndani yake Saintpaulia yote imewekwa kuwa fungu moja la Streptocarpus. Basi katika muda wa miaka isiyozidi 60 mimea hii miwili imebadilishiwa jina la ukoo, na mmoja wao umeshushwa daraja, hali mimea yenyewe haikubadilika hata unyweleo mmoja.

Sasa yamkini msomaji aone wapi hatari ilipojificha. Mawe ya chokaa ndiyo malighafi ya saruji, na pwani ya Kenya imechimbwa mawe hayo kwa miaka mingi. Tuseme mtu anataka kulivunja jabali ambalo mmea wa Kilifi humea. Akiambiwa kuwa juu ya jabali hilo mna ua adimu, ataweza kujibu hivi: "Zamani mlisema kuwa hili ni spishi, nasi tukanyamaza. Leo wataalamu wenyewe wamesema kuwa ni nususpishi. Ndugu zake wamo Usambara. Tukiliondoa hili, spishi haitapotea. Basi hasara iko wapi?" Maneno haya si ya mpumbavu. Yametoka katika vitabu vya elimu, na mwenye kuyakataa hana budi kuyajibu kwa hoja, si kwa machozi.

Jibu la kwanza ni kwamba uainishaji ni maoni yaliyojengwa juu ya ushahidi uliopo, na ushahidi hukua. Mpango wa 1964 ulikuwa kazi ya mtu mwangalifu. Mpango wa 2006 ulikuwa kazi ya mwangalifu mwingine aliyekuwa na mengi zaidi ya kutazama. Na hapana ahadi kwamba mpango wa leo ndio wa mwisho. Hiyo si aibu ya elimu, ni sifa yake. Lakini jabali likivunjwa halina mapitio ya pili. Mwenye kalamu aweza kufuta alichoandika. Mwenye baruti hawezi. Si haki kutegemeza jambo lisilorudi nyuma juu ya neno ambalo kesho laweza kurudishwa. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kutoweka kwa mmea ni mmwagiko wa namna hiyo hasa.

Jibu la pili ni kwamba daraja ya nususpishi hueleza ujamaa, haielezi upungufu. Kusema kuwa mmea wa Kilifi ni tawi la spishi yenye matawi mengi ni kusema kuwa una ndugu. Tangu lini kuwa na ndugu kukampunguzia mtu haki ya kuishi? Mzazi mwenye watoto tisa hafarijiki kwa kifo cha mmoja kwa sababu wanane wamebaki. Tena ndugu hawa hawafanani katika maisha yao. Wengi wao hukaa katika misitu ya milimani. Huyu amejifunza kuishi juu ya chokaa, katika nchi ya chini yenye joto. Ujuzi huo wa kuishi, uliopatikana kwa vizazi visivyohesabika, haumo katika jina. Umo katika mmea, nao hufa pamoja na mmea.

Tusije tukaanguka upande wa pili wa njia. Yupo mtu atakayefurahi kwamba mmea wa Taita umebaki spishi kamili, akadhani kwamba cheo hicho ni ngao. Jina jema hung'aa gizani, lakini halizuii shoka. Misitu ya asili ya Taita ilikatwa kwa vizazi ili kupata mashamba na kuni, na mahali pengine ikapandwa miti ya kigeni, hata imebaki vipande vipande. Mbololo ni kimoja cha vipande hivyo, chenye hekta 200 hivi. Mmea unaotaka kivuli, unyevu na utulivu hauwezi kuishi kwa cheo chake. Huishi kwa kivuli, unyevu na utulivu. Miti iliyo juu yake ikikatwa, jua litaukausha hali umo bado katika orodha ya spishi zinazoheshimiwa. Hivyo mimea hii miwili, mmoja ulioachiwa daraja yake na mmoja ulioshushwa, imo katika mashaka yale yale. Hatari haikusoma vitabu vya wataalamu.

Je, kwa haya nimesema kwamba uainishaji hauna faida? La, hasha. Pasipo uainishaji tungedanganyika kwa jambo moja kubwa. Urujuani wa Usambara leo ni miongoni mwa maua ya chunguni yanayopendwa sana duniani. Tangu mbegu zake zianze kuuzwa Ujerumani katika mwisho wa karne ya 19, na tangu wakulima wa maua wa Los Angeles walipoanza kutoa namna mpya katika miaka ya 1920, zimepatikana namna maelfu, nyeupe na nyekundu na zenye marinda, nazo hujaza madirisha ya Ulaya na Marekani. Mtu asiyejua tofauti angesema, "Ua lililojaa madirishani kote namna hii litapoteaje?" Ni elimu ya majina itakayomjibu kwamba maua ya madirishani aghalabu ni uzao wa ionantha uliochaguliwa na watu kwa ajili ya macho ya watu, kwamba mmea wa Mbololo si huo, na kwamba wingi wa watumwa katika miji ya ugeni si dalili ya usalama wa waungwana nyumbani kwao. Elimu ndiyo iliyotuonyesha kuwa hapa tuna vitu viwili, si kimoja. Pasipo hiyo tungepoteza kimoja wala tusijue.

Tena uainishaji husaidia pale ambapo uwezo ni mdogo. Tuseme fedha iliyopo yatosha kulinda mahali pamoja tu. Hapo ni halali kuuliza ni upi kati ya mimea hii ulio mpweke zaidi katika nasaba, maana mpweke akipotea hupotea na mengi ambayo hayamo kwa jamaa yake yeyote. Kwa kipimo hicho huenda mmea wa Taita ukatangulizwa. Sioni ubaya katika jambo hilo. Daktari mmoja mbele ya wagonjwa wawili hana budi kuanza na mmoja. Lakini daktari huyo akisema kwamba kwa kuwa ameanza na wa kwanza, basi ni ruhusa kumnyonga wa pili, tutamwita mwuaji. Kupanga zamu ya msaada ni jambo moja. Kutoa ruhusa ya maangamizi ni jambo jingine. Ndiyo maana orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, iitwayo Orodha Nyekundu, iliyoanzishwa mwaka 1964, hukubali hata nususpishi kupimwa na kutajwa peke yake.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, nalo si la wataalamu bali ni la maskini. Mkazi wa Kaloleni aliyepata kibarua machimboni hulipa karo ya mtoto wake kwa jiwe lile lile ambalo ua limelishikilia. Mama wa Mbololo akienda msituni hatafuti kuharibu. Anatafuta kuni za kupikia. Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kumwambia mwenye njaa aliheshimu ua. Maneno hayo husikika kama dhihaka, na mara nyingi ni dhihaka kweli. Nakiri kwamba uzito wa mtoto wa mtu na uzito wa ua havilingani, wala sijui mtu mwenye moyo atakayevilinganisha.

Lakini tutazame vizuri ni nani wanaokaa katika mizani hiyo. Saruji inayotoka katika chokaa haikai Kaloleni yote. Hujenga maghorofa ya Mombasa na Nairobi, na barabara ambazo sisi sote tunapita. Anayekaa ndani ya nyumba ya saruji ni mshirika wa machimbo, ajapokuwa hajawahi kushika nyundo. Basi si haki kumtwika mchimbaji peke yake dhambi ya kuvunja jabali, wala si haki kumtwika peke yake gharama ya kuliacha. Ikiwa jamii nzima inataka ua liishi, na jamii nzima ilipe: kwa kumtafutia mchimbaji jabali lingine lisilo na kiumbe adimu, kwa kumpa mama njia nyingine ya kupata moto, kwa kuwapa wenyeji sehemu yao katika faida ya kile wanachokilinda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, huiagiza Serikali kulinda uhai wa namna nyingi uliomo nchini, na humpa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kazi hiyo. Imesema kila mtu. Haikusema maskini peke yake.

Wenyeji wa nchi hizi mbili wana jambo la kutufundisha hapa. Wamijikenda walikuwa na makaya yao, misitu ambayo ndani yake ilikuwa haramu kukata mti pasipo idhini ya wazee. Na mwaka 2008 makaya kadhaa yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wataita nao walikuwa na fighi, vichaka vitakatifu ambavyo mtu hakuvigusa ovyo. Tusiwapambe wazee kwa sifa ambazo hawakuzitaka. Hawakuweka miiko hiyo kwa ajili ya ua la urujuani, bali kwa ajili ya heshima ya wahenga wao na usalama wa watu wao. Hata hivyo chini ya mwiko huo viumbe vingi vilipona ambavyo hakuna aliyevihesabu. Sababu ni kwamba swali lao halikuwa, "Mmea huu ni wa daraja gani?" Swali lao lilikuwa, "Mkono wangu unapaswa kukoma wapi?" Elimu ya majina hujibu swali la kwanza, na hulijibu vyema. Swali la pili halimo katika mtaala wake.

Basi thamani ya mimea hii hutoka wapi, ikiwa haitoki katika majina yake? Naona hutoka katika mambo mawili. Kwanza, ni vitu ambavyo mtu hawezi kuvitengeneza tena akishaviharibu, na mwenye busara huwa mzito wa mkono mbele ya kitu asichoweza kukirudisha. Pili, ni amana. Sisi hatukuifanya mimea hiyo. Tuliikuta, na watakaokuja baada yetu wana haki ya kuikuta. Atakayesema kwamba ua halijui kama linaishi, na kwamba halitasikitika likifa, amesema kweli. Lakini hata maiti hajui kwamba kaburi lake limekanyagwa, nasi hatulikanyagi. Kujizuia kwetu si malipo kwa hisia za ua. Ni kipimo cha sisi wenyewe, maana mwenye nguvu hujulikana kwa kile alichoweza kukiharibu akakiacha.

Ninyi vijana mnaosoma sasa, baadhi yenu mtakuwa wataalamu wa mimea, wengine wahandisi, wengine mahakimu na maofisa ambao saini zao zitafungua machimbo na kufunga misitu. Jifunzeni majina, ya Kilatini na ya kwenu, wala msiyadharau, maana asiyejua kutofautisha hajui anachokipoteza. Lakini siku moja mtu ataleta karatasi mezani, aseme, "Hii ni nususpishi tu." Siku hiyo yapimeni maneno yake moja moja. Neno nususpishi limetoka kwa wataalamu, nao walikuwa na ushahidi wao. Neno tu ameliongeza yeye, na ni juu yake kulitolea ushahidi kabla kalamu haijagusa karatasi.